Kostiki ina 1A, ina 3, ina 8: namna ya kusoma madaraja ya hatari kabla hujafungua mfuko

Dada, nimeamua kukujibu kwa kirefu, maana alichokuambia muuzaji kinaweza kumtoa mtu jicho.

Kwa wanaoingia sasa: dada anatengeneza sabuni za miche Makorora, hapa Tanga. Kanunua mfuko wa kilo 25 wa kostiki soda. Karatasi ya usalama aliyopewa inasema "ngozi, daraja 1A". Mfuko wenyewe una alama ya almasi nyeusi na nyeupe yenye namba 8. Ukutani dukani kuna almasi nyingine ya rangi, na sehemu yake ya bluu imeandikwa 3. Muuzaji kamwambia 1 ndiyo hatari ndogo, 3 ni ya kati, na 8 ni mambo ya wenye malori, aachane nayo. Dada anauliza ashike ipi, na kama kuna haja ya kuandika chochote kwenye madumu anayohifadhia maji ya kostiki.

Mimi nimekaa stoo ya kemikali, baadaye kitengo cha usalama, kwenye kiwanda cha sabuni hapa hapa Tanga. Siku hizi nazungukia mabanda madogo ya sabuni kuwasaidia kupanga stoo. Swali hili nalikuta karibu kila banda, na karibu kila mahali jibu linalozunguka ni hilo la muuzaji wako.

1A ndiyo mbaya kuliko zote. Hakuna daraja la ngozi lililo juu yake.

Namba zako tatu zimetoka kwenye mifumo mitatu tofauti, na kila mfumo unahesabu kivyake. Karatasi ya usalama inafuata mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, GHS, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2003. Humo namba ikipungua, hatari inaongezeka. Almasi ya rangi ukutani ni ya NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, na ilibuniwa ili mzimamoto anayefika mbio ajue anaingia kwenye nini. Yenyewe inakwenda kinyume: 0 ni salama, 4 ndiyo kubwa kuliko zote. Kostiki humo ina 3 kwa afya, 0 kwa moto na 1 kwa kubadilika ghafla. Kwa hiyo 1A ya kwenye karatasi na 3 ya bluu ukutani zinasema kitu kimoja, ingawa ukiziweka pamoja zinaonekana kupingana.

Namba 8 haipimi ukubwa wa hatari. Inataja aina. Kwenye usafirishaji aina ya 3 ni vimiminika vinavyowaka, aina ya 6.1 ni sumu, aina ya 8 ni vitu babuzi, yaani vinavyokula ngozi au chuma. Ukubwa wa hatari unaandikwa pembeni kama kundi la ufungashaji: I kubwa, II ya kati, III ndogo. Kostiki kavu, namba yake ya Umoja wa Mataifa ni 1823, imewekwa kundi la II. Hapa watu wengi huteleza, wanaona "ya kati" wanapumua. Orodha ya usafirishaji inamfikiria mtu anayepakia na kushusha mfuko uliofungwa. Wewe unaufungua, unachota, unamimina kwenye maji. Shika karatasi.

Sasa hiyo 1A imepatikanaje? Kemikali inawekwa kwenye ngozi kwenye majaribio, na wanatazama mambo mawili: imegusa kwa muda gani, na ngozi imekufa baada ya muda gani. 1A ni ile ambayo ikigusa kwa dakika 3 au pungufu, ngozi inakufa mpaka tabaka la chini, na inaonekana ndani ya saa 1. 1B inahitaji kugusa zaidi ya dakika 3 hadi saa 1. 1C inahitaji zaidi ya saa 1 hadi saa 4. Daraja la 2 halifiki huko, linawasha na kuleta wekundu, kisha ngozi inarudi. Mtu akikwambia "kostiki inawasha tu", anaielezea daraja la 2 ilhali ameshika 1A mkononi.

Kwa nini watu wanaidharau? Kwa sababu mwanzoni haiumi kama asidi. Niliwahi kusimama karibu na kijana aliyemwagikiwa maji ya kostiki kwenye kifundo cha mkono, pale glovu inapoishia. Hakupiga kelele. Alisugua kwa kidole gumba, akasema mbona panateleza tu. Ule utelezi ni mafuta ya ngozi yake mwenyewe yakigeuka sabuni, kazi ileile ambayo kostiki inafanya kwenye mafuta ya nazi au mawese ndani ya pipa. Maumivu yalikuja baadaye, wakati ngozi pale imeshakuwa nyeupe na laini kama karatasi iliyolowa. Ukiona utelezi, hapo kazi imeshaanza. Usisubiri kuumia ndipo ukimbilie maji.

Macho ni habari nyingine kabisa, na hapa nakuomba usome polepole. Kwenye uainishaji, kitu kikishapata daraja la 1 la ngozi kinahesabiwa moja kwa moja kuwa kinaharibu jicho daraja la 1, hakuna haja ya kipimo kingine. Asidi nyingi zikiingia jichoni zinagandisha protini ya juu, na kile kilichoganda kinazuia kidogo isizame. Kostiki haigandishi. Inayeyusha, inaingia ndani, na inaendelea kuingia hata baada ya mtu kudhani ameshanawa. Ndiyo maana suuza ya sekunde kumi halafu bodaboda kwenda hospitali ya Bombo si msaada. Maji safi yanayotiririka, kope zimefunguliwa kwa vidole, dakika zisizopungua 20, na ikiwezekana endelea kumwagia njiani hadi hospitali. Usitie siki wala ndimu ati kuipoza kostiki. Na kama ni vipande vikavu vimeangukia ngozi, pangusa kwanza vitoke, ndipo umwage maji mengi.

Kwa hiyo miwani inayoziba pembeni ndiyo kifaa cha kwanza kununua, kabla ya aproni, kabla ya glovu nzuri. Naona mabanda mengi yana glovu ndefu za kupendeza na hakuna miwani hata moja.

Upande wa moto, kostiki haiwaki, na ile 0 nyekundu ya NFPA ni ya kweli. Lakini usiishie hapo. Kwenye GHS ina daraja la 1 la kuharibu metali, na kigezo chake ni chuma au alumini kulika zaidi ya milimita 6.25 kwa mwaka kwenye nyuzijoto 55. Na ikikutana na alumini, au zinki ya ndoo ya bati, inatoa gesi ya hidrojeni, ambayo inawaka na kulipuka. Nimeona sufuria ya alumini iliyotumiwa kuyeyushia kostiki: maji yanatoa mapovu kana kwamba yanachemka ilhali jiko halijawashwa, rangi imekuwa kijivu, na ukipitisha kidole chini kwa nje unasikia pamekuwa pembamba. Chumba kidogo, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, mtu mmoja anawasha kiberiti. Tumia plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu. Na siku zote kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji, kidogo kidogo, huku unakoroga. Usimwage maji juu ya kostiki, maana joto lake linatosha kuyarusha usoni.

Karatasi yako utaona haisemi saratani, haisemi mzio wa ngozi. Usilisome hilo kwa haraka pia. Kihatarishi kisipotajwa, huenda kilipimwa kikaonekana hakipo, na huenda hakuna data za kuamulia. Karatasi nzuri inasema ni ipi kati ya hizo mbili, kwenye sehemu ya 11. Kwa kostiki, saratani si jambo la kukuhangaisha. Vumbi na ukungu wake ndivyo vya kuangalia, kwa sababu vinachoma pua na koo. Kikomo kinachotumika sana kazini ni miligramu 2 kwa mita ya ujazo ya hewa, kiasi ambacho jicho halikioni.

Kuhusu madumu. Watu wanadhani ukishaichanganya na maji umeipunguza makali. Inategemea umeipunguza mpaka wapi. Umoja wa Ulaya umeweka mipaka maalumu kwa kostiki, nami naitumia kwa sababu iko wazi: kuanzia asilimia 5 bado ni 1A, kati ya 2 na 5 ni 1B, kati ya 0.5 na 2 inashuka kuwa ya kuwasha. Maji yako ya kutengenezea sabuni, haidromita (kifaa kinachoelea cha kupima uzito wa kimiminika ukilinganisha na maji) ikisoma kama 1.27 yakiwa yamepoa, ni takriban asilimia 25. Ikisoma 1.33 ni kama asilimia 30. Yote mawili yapo mbali sana juu ya 5. Dumu lako lina hatari ileile ya mfuko, tena kwa upande mmoja ni baya zaidi, maana kipande kikavu kinaanguka chini lakini maji yanaruka na kupenya nguo. Sabuni iliyokomaa ni suala jingine, kostiki yake imeshaliwa na mafuta, mradi vipimo vilikuwa sawa. Ile tabia ya kuonja mche kwa ulimi kujua kama kostiki imebaki, tafadhali iacheni. Tumieni karatasi za pH, zile zinazobadilika rangi kuonyesha kitu ni asidi au ni kama kostiki.

Halafu hali ya hewa yetu. Kostiki inavuta unyevu hewani, na pwani hii unyevu haukosekani. Mfuko uliofunguliwa ukaachwa sakafuni wakati wa masika, ukirudi unakuta kimaji pembeni kama cha kuvuja paa. Hicho ni kostiki kali. Mtu anakipita na ndala, mtoto anakichezea, mfagiaji anakikausha kwa tambara mikono mitupu. Hapa ndipo daraja kwenye karatasi na hatari ya kila siku vinapoachana: 1A ni ileile kwa kiwanda kikubwa na kwa banda lako, ila uwezekano wa kuumia unategemea mfuko umekaa wapi, umefungwaje, nani anapita. Hamishia kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, iinue kutoka sakafuni, weka mlango wenye kufuli.

Usiiweke rafu moja na salfoniki ya sabuni ya maji. Salfoniki ni asidi, nayo ni babuzi, na zikikutana bila mpango zinatoa joto kali. Na usikubali muuzaji akupe soda ash kwa maelezo kwamba "ni soda hiyohiyo, ya upole". Soda ash imeainishwa kuwa inawasha macho, basi, na sabuni yako ya miche haitatoka. Ile ya kuokea mikate haina daraja la hatari kabisa. Unga mweupe kwenye mfuko wa nailoni usio na jina unaweza kuwa yoyote kati ya hizo, kwa hiyo kostiki ya kupimiwa kwenye nailoni mimi naikataa, hata ikiwa nusu bei.

Swali lako la kuandika: ndiyo, andika. Kila dumu liwe na jina "maji ya kostiki soda", nguvu yake kwa asilimia, neno HATARI kwa herufi kubwa, alama ya mkono na chuma vikimwagikiwa, tarehe uliyochanganya, na maneno "huunguza ngozi na macho". Tumia kalamu isiyofutika, kisha funika kwa selotepu pana kwa sababu kostiki inafuta wino. Dumu la maji ya kunywa au la mafuta ya kula lisiguswe kwa kazi hii, hata ukiwa umelibandika lebo tano. Ukikuta dumu la zamani halina jina, chukua glovu na miwani, chovya karatasi ya pH. Ikisoma 11.5 kwenda juu, au 2 kushuka chini, lichukulie kuwa ni babuzi mpaka uthibitishe vinginevyo.

Na kuhusu muuzaji: Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inataka wanaouza na kuhifadhi kemikali wasajiliwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Una haki ya kuuliza cheti chake, na una haki ya kupewa karatasi kamili ya usalama, ile yenye sehemu 16, siyo ukurasa mmoja uliopigwa kopi mpaka herufi hazisomeki. Mrudie kwa upole. Wengi wao hawana nia mbaya, nao waliambiwa hivyohivyo na aliyewauzia.

Ukiipata karatasi kamili, piga picha sehemu ya 2, ya 3 na ya 9 utupie hapa. Kwenye ya 3 tutaona usafi wa kostiki yenyewe, na nitakupigia hesabu ya kiasi cha maji kwa mfuko wako.