Dau langu liko kwa fundi mitambo

Mkuu, umesema klasi ijayo (aina ya mhusika unayemchezesha) ya gemu ya World of Warcraft itakuwa mwimbaji anayepigana kwa ala za muziki. Wazo tamu, ila mimi naona fundi mitambo ana nafasi kubwa zaidi.

Gemu ilianza 2004 na klasi 9, na tangu hapo zimeongezwa 4 tu: Death Knight 2008, Monk 2012, Demon Hunter 2016 na Evoker 2022. Kila moja ilibebwa na hadithi ya toleo lake. Death Knight aliingia tulipomfuata Lich King, mfalme wa wafu, kwenye barafu, Evoker tulipokwenda visiwa vya mazimwi. Mwimbaji atabebwa na vita gani? Fundi tayari ana goblini na nomu, jamii za vijitu ndani ya gemu wanaounda roboti na makombora tangu zamani.

Kikwazo chake ni kwamba uhandisi tayari ni kazi ya mikono ambayo mhusika yeyote anaweza kujifunza. Itabidi watengenezaji wa gemu wapangue kitu. Si mara ya kwanza: Demon Hunter alipokuja, Warlock, klasi ya wachawi, aliachia Metamorphosis, uwezo wa kugeuka pepo.

Ninachokitamani hasa ni tawi la uponyaji. Hebu fikiria: bosi (adui mkubwa) anapiga kundi zima, wewe unasimika kamtambo chini, kanafuka mvuke, kanarusha dawa kwa kila aliyesimama karibu, na kakizidiwa joto unakakimbilia na spana kabla hakajalipuka. Wakileta hicho, siku hiyohiyo naanza mhusika mpya.