Usianze na pua

Juzi nilikaa nyuma ya kijana mmoja wa field pale studio, namwangalia anavyochora intro ya kipindi. Ana tableti ambayo mimi, kwa mshahara wa miaka yangu ya mwanzo, ningeishia kuitazama dirishani. Faili lake lina leya 46, yaani tabaka za mchoro zilizopangwa juu ya nyingine. Kidevu cha mheshimiwa kina leya yake, na jasho la kidevu nalo limepewa leya yake. Nikamuuliza, "Sasa hiki kitu kinatembeaje?" Akanijibu hata hajainua uso: "Kaka, hiyo nitaangalia mwishoni."

Nikaenda zangu kunywa chai, maana ningebaki pale ningemtolea neno. Neno lenyewe ndilo hili, na si lake peke yake. Kila kundi jipya la wachora katuni likija linaanguka kwenye shimo lilelile, la kuchora kabla ya kuwaza mchoro utatembeaje, na mimi nalijua vizuri kwa sababu nimelala humo.

1. Ya gazetini ni ya gazetini. Msomaji wa gazeti anakaa na katuni yako atakavyo. Anaanza na tumbo, anarudi kwenye viatu, anasoma maneno, anacheka, anamwonyesha konda. Kwenye skrini saa ni ya kwako. Wewe ndiye unayeamua aone nini kwanza na nini baadaye, na usipoamua hutaweza kumlaumu mtu.

Wengi wenu mmebandika zile nyundo zinazopiga gwaride kama picha ya simu, na mnajua mwenye mkono ni Gerald Scarfe, mchora katuni Mwingereza wa London, mzaliwa wa 1936, aliyechora kwenye gazeti la Sunday Times kwa miaka 50. Nyundo zile ni za filamu ya bendi ya roki ya Pink Floyd, The Wall, ya 1982, aliyoiongoza Alan Parker. Sawa, ni nzuri. Lakini acheni nyundo kwanza, nendeni mkaangalie kitu kidogo zaidi: michoro yake Scarfe ya ufunguzi ya Yes Minister, kichekesho cha siasa cha BBC kilichoanza 1980. Nyuso za waigizaji wake, Paul Eddington, Nigel Hawthorne na Derek Fowlds zinajichora zenyewe mbele ya macho yako, huku muziki wa Ronnie Hazlehurst ukizungukia mlio wa kengele za Big Ben.

Unajua alifanyaje? Kamera juu, karatasi chini. Anaongeza kipande cha mstari, anapiga fremu mbili, yaani picha mbili kati ya zile zinazopita mfululizo kwenye skrini. Anaongeza kipande kingine, fremu mbili tena. Basi. Hakuna leya hata moja.

2. Sasa nije kwenye aibu yangu. Nilipoisoma habari hiyo ya fremu mbili mbili nilijiona nimeokota dhahabu. Kulikuwa na kituo cha runinga, sikitaji, kilichotaka intro ya kipindi cha mahojiano ya siasa. Sekunde 12. Nikapiga hesabu: fremu 25 kwa sekunde, jumla 300, kwa mbili mbili ni mapigo 150 ya kamera. Nikamwambia prodyuza kwa kifua kabisa, "Mzee, siku mbili tu."

Usiku wa kwanza sikulala. Kamera nimeifunga juu ya meza kwa stendi ya taa na mkanda wa gundi, karatasi nimeibana pembe nne, wino mweusi, brashi moja. Nilikuwa nachora kikaragosi cha mwendeshaji wa kipindi, baba mmoja mwenye pua ambayo nchi nzima inaijua. Pua ile ilikuwa kama ndizi ya mzuzu. Mchora katuni gani angeiacha? Nikaanza nayo. Niliichora kwa raha isiyo na kifani, mapigo 12, inajikunja, inateremka, inaning'inia. Nikacheka peke yangu saa nane za usiku.

Halafu nikaendelea. Shavu. Jicho. Jicho la pili. Kola. Nywele. Sikio. Yaani nilifuata mkono wangu ulikozoea kwenda, kama ninavyochora gazetini, huku nikipumzika kila baada ya mapigo kumi na kuandika namba kwenye daftari. Adhuhuri ya siku ya pili nilikuwa nimemaliza, shingo haigeuki, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha. Nikapeleka.

Mhariri akaiweka chini ya muziki. Muziki wenyewe ulikuwa unapanda taratibu, kisha sekunde ya kumi na mbili unapiga ngoma kubwa, dum! Chumbani tulikuwa watu watano. Sekunde ya kwanza pua ikatokea, wote wakaangua kicheko, prodyuza akapiga meza. Nikavimba kichwa. Sekunde ya tatu kicheko kikaisha. Sekunde ya nne mtu akakohoa. Ya sita, ya saba, nachora kola. Ya nane, nachora kifungo cha kola. Ngoma ikaja, dum! na juu ya ngoma ile, mbele ya watu watano, likamalizika sikio la kushoto.

Kimya. Mhariri, mtu mpole sana, akaniuliza: "Kaka, kuanzia hapa tulikuwa tunasubiri nini?"

Sikuwa na jibu. Kila mtu alishamjua mwenye uso tangu sekunde ya kwanza. Kichekesho nilikitoa mlangoni, kisha nikawakalisha watu sekunde 11 nikiwaonyesha fanicha. Na wino haufutiki. Huwezi kumwambia mhariri "ipeleke pua mwisho," kwa sababu kila fremu inayofuata imeshaibeba ile pua. Nikajaribu kumshawishi aicheze kinyumenyume. Tukaiona: mtu anayeyuka, anabaki pua. Wakacheka tena, lakini safari hii walikuwa wananicheka mimi.

Usiku wa tatu nilirudia yote. Safari hii kabla ya kugusa wino nilichora uso mzima kwa penseli ya bluu, hafifu sana, nikaandika namba kwenye kila mstari kwa mpangilio wa kutokea. Mstari namba moja ulikuwa mgongo wa kiti. Wa pili, bega. Mtu anaangalia, anajiuliza ni nini hiki, kilima au mtu? Miwani ikaja bila uso. Pua nikaiweka mapigo 12 ya mwisho, ikatua na ngoma. Malipo hayakuongezeka hata shilingi, na prodyuza aliniita "Bwana Sikio" mpaka kipindi kilipofungwa.

3. Haya mengine ni ya haraka. Fungeni pazia, mwanga wa dirishani unabadilika na picha itapepesa. Kivuli cha mistari ya kupishana kiachieni gazeti, kwenye skrini kinachemka kama uji. Andikeni namba nyuma ya kila karatasi. Na kwenye mkataba andikeni mchoro halisi unabaki kwa nani: Derek Fowlds alitaka kununua mchoro mmoja wa Scarfe wa kipindi chake mwenyewe, bei ikamshinda. Mimi ule wangu wa pua ulibaki kituoni, na mara ya mwisho niliuona umefunika birika la chai.

4. Mstari wako utaingia mikononi mwa watu. Hili linawauma sana, naliona. Mhuishaji, yule anayeutembeza mchoro wako, akigusa jicho ulilochora, mnanuna wiki nzima. Scarfe huyohuyo aliitwa na Disney kubuni wahusika wa Hercules, filamu ya 1997 ya Ron Clements na John Musker. Mstari wake ni wa kuchoma na kurarua, wa Disney ni wa mviringo na wa kubembeleza, na katikati kuna jeshi la wahuishaji ambao kila mmoja ana mkono wake. Kazi ikawa kuufanya mstari wa mtu mmoja uchorwe na wote hao bila kufa. Mtazameni Hades, yule adui wa Hercules, mle bado mnaona kucha za Scarfe. Wengine wamelainika, ndiyo. Ndiyo bei yake.

Na asiniambie mtu haya ni ya Ulaya. Waingereza walikuwa na kipindi cha kejeli cha Spitting Image tangu 1984, vikaragosi vya mpira vya Peter Fluck na Roger Law. Gado, mchora katuni, mtoto wa Dar aliyehamia Nairobi, akaleta XYZ Show kwenye runinga ya Kenya 2009, wanasiasa wa mpira wanaongea na kutoa jasho. Mchoro unaanza kwa mtu mmoja, kisha kuna anayefinyanga, anayeshona suti, anayeingiza mkono ndani, anayetoa sauti. Ukichora mtu ambaye mdomo wake haufunguki, yule wa kuingiza mkono atakutukana, na atakuwa na haki.

5. Mkikataliwa msilie. 1964 gazeti la The Times lilimtuma Scarfe akamchore Churchill, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, siku zake za mwisho bungeni. Akamkuta mzee amechoka, akachora alichokiona, wakakataa. Mwaka uliofuata Churchill alipofariki, jarida la kejeli la Private Eye wakauweka mchoro uleule jalada la mbele. Kwa hiyo msitupe karatasi. Hata zile za kufunikia birika.

Kijana wa leya 46 alinifuata baadaye kwenye chai, kanywea kidogo. "Kaka, sasa nianze na nini?" Nikamwambia, kiti. Akadhani namfukuza akakae.

Ijumaa, taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikiisha, kamera ndogo itakuwa wazi mpaka asubuhi. Njooni na penseli ya bluu na karatasi nzito. Atakayekuja na tableti atatushikia taa.