Maswali ya Wasomaji: Saa Kumi na Tano kwa Juma

Tangu tulipozungumzia elimu ya watu wazima katika safu hii, barua zimeendelea kuja kutoka Tabora na Kigoma, na nyingi zinaulizia jambo moja: mtu mzima mwenye kazi na watoto anawezaje kurudi masomoni bila kuvunja nyumba yake. Nimechagua tatu, na nimezifupisha bila kugusa maana yake.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Urambo, nina cheti cha daraja la tatu A, umri wangu ni miaka 38, na nina watoto watatu ambao mdogo wao yuko darasa la pili. Mume wangu analima tumbaku, na wakati wa kuchuma na kukausha mimi ndiye msaidizi wake wa kwanza. Natamani kusoma stashahada bila kuacha kazi, lakini mshahara wangu tayari unakatwa mkopo wa benki, na mama mkwe anauliza mwanamke wa umri wangu anatafuta nini darasani. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umetaja fedha na umetaja maneno ya mama mkwe, lakini hukutaja muda, na kwa miaka yote niliyofundisha watu wazima nimeona wengi wakikwama kwenye muda kabla hawajafika kwenye ada. Naomba basi tuanze na hesabu ya saa.

Vyuo vyetu hupima uzito wa masomo kwa krediti. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, yaani kusikiliza, kusoma peke yake, kuandika kazi na kujiandaa kwa mtihani, na mwaka mmoja wa masomo ya muda wote una krediti zisizopungua 120, ambazo ni saa 1,200. Ukizigawa kwa majuma 40 unapata saa 30 kwa juma. Hizo ni saa za mtu asiye na kazi nyingine, na wewe saa hizo huna. Ukichukua nusu ya mzigo huo, krediti 60 kwa mwaka, unabaki na saa 15 kwa juma, na masomo ya miaka miwili yanakuwa ya miaka minne. Watu hawapendi kusikia hivyo, kwa sababu kila mmoja anataka kumaliza pamoja na wenzake, lakini mimi nimewaona waliojisajili kwa mzigo mzima wakaanguka mwaka wa kwanza, na nimewaona waliokwenda kwa nusu wakavaa joho.

Sasa chukua daftari uandike juma lako lilivyo. Juma lina saa 168. Ukilala saa saba kila usiku, zinaondoka 49. Shule, pamoja na kutembea kwenda na kurudi na kusahihisha madaftari, tuseme 50. Zinabaki 69, na humo ndimo mna kupika, maji, kuni, kufua, shamba, ibada, wagonjwa na misiba. Saa 15 hazielei tu mahali zikingoja uziokote; kila saa utakayoichukua inatoka kwenye mikono ya mtu, na lazima mtu mwingine aijaze. Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata shilingi moja, kaa na mume wako na watoto wakubwa, weka daftari hilo mezani, na mkubaliane kwa majina: nani atapika Jumanne na Alhamisi jioni, nani atateka maji Jumamosi asubuhi, na ni chumba gani kitakuwa kimya kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku. Mimi mwenyewe niliporudi masomoni nikiwa na watoto wawili nililipa kwanza, nikawaeleza wa nyumbani baadaye, na mwaka ule wa kwanza kila saa niliyosoma nilihisi kana kwamba nimeiiba. Sitaki wewe upite njia hiyo.

Liko jambo la msimu, na hili nakusihi ulizingatie sana, kwa kuwa kalenda ya chuo haikutungwa na mtu anayelima tumbaku. Vitalu vinaanza Agosti na Septemba, miche inapandikizwa mvua za Novemba na Desemba zikishika, halafu kuanzia Januari ni kuchuma, kufunga na kukesha kwenye mabani, yaani mabanda ya kukaushia tumbaku. Fedha mnaipata masoko yakishafunguliwa na chama cha msingi cha ushirika kikishalipa, katikati ya mwaka. Mwaka wa masomo wa vyuo vyetu vingi huanza karibu na Oktoba na Novemba, yaani wakati ule ambao mfuko wa mkulima umekauka na nguvu zake zote ziko shambani. Mambo mawili yanafuata hapo. Kwanza, ada itengwe siku ile ile fedha ya soko inapoingia, iwekwe mahali ambapo haitaguswa na mbolea wala sare za shule. Pili, chukua masomo machache zaidi katika miezi ya mabani na mengi zaidi baada ya masoko, ikiwa chuo kinakuruhusu kupanga hivyo.

Kuhusu chuo chenyewe, mtu aliye kazini Urambo ana milango miwili anayoweza kuigonga bila kuhama. Mmoja ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa hali kama yako, na ambacho kina kituo cha mkoa Tabora mjini, kilomita takribani 90 kutoka kwako. Masomo yake husomwa kwa masafa, yaani ukiwa mbali na chuo, na ada hulipwa kulingana na masomo uliyojisajili, jambo linalokusaidia wewe unayekwenda kwa nusu mzigo. Mwingine ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo nayo ina ofisi mikoani na hufundisha kwa masafa. Nenda ofisini mwenyewe ukiwa na vyeti vyako vya kidato cha nne na cha ualimu, uulize sifa za kujiunga na ratiba ya mitihani ya mwaka mzima, kisha uilaze ratiba hiyo kando ya kalenda ya tumbaku kabla ya kuamua. Safari yenyewe ipange katika siku ambayo huna kipindi, maana ukienda kwa haraka utarudi na fomu bila majibu.

Kabla ya kujisajili, andika barua ya kuomba ruhusa ya masomo, ipitie kwa mwalimu mkuu wako hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, na nakala ya majibu uitunze kama unavyotunza cheti cha ndoa. Wapo walimu waliosoma kimya kimya wakidhani kusoma jioni hakumhusu mwajiri, na walipopeleka stashahada ili wabadilishiwe muundo, yaani ngazi yao ya utumishi, wakaulizwa barua ya ruhusa wasiwe nayo. Miaka ya jasho isizuiwe na karatasi moja.

Mkopo wa pili usichukue. Mshahara wa mtumishi haupaswi kukatwa hadi abaki na chini ya theluthi moja, lakini hata kama theluthi hiyo bado hujaifikia, mtu anayesoma huku akihesabu makato hasomi vizuri. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu nayo huwalenga zaidi vijana wasio na ajira, na imekuwa ikiweka ukomo wa umri wa miaka 35 kwa waombaji, kwa hiyo usiijenge ndoto yako juu yake. Kwa nusu mzigo na fedha ya soko, inawezekana kulipa bila deni jipya, ingawa utakwenda polepole.

Nabaki na mama mkwe. Usibishane naye. Mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mimi nilikuwa mtoto hapa Tabora, na nilimwona bibi yangu akienda jioni chini ya mwembe na ubao wake kwapani, akirudi na herufi tatu mpya. Mama mkwe wako huenda ana kumbukumbu kama hiyo, ya mama yake au ya kwake mwenyewe. Muulize siku moja mkiwa mnapeta mchele. Na kama ataridhia kukaa na wajukuu wake Jumamosi moja moja, mwambie waziwazi kwamba bila yeye usingeweza, kwa kuwa ni kweli.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nina miaka 31, nauza dagaa Kibirizi, Kigoma. Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito, na mwanangu huyo sasa yuko sekondari. Ziwa lilipofungwa miezi mitatu mwaka 2024 nilikaa bila biashara, nikajiona sina kitu kingine ninachokijua. Nataka kufika chuoni nisomee mambo ya hesabu za biashara. Je, nimechelewa, na nitasoma saa ngapi wakati dagaa huanikwa alfajiri?

JIBU: Hujachelewa, mdogo wangu, na nimefurahi kwamba miezi ile kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, iliyowaumiza wengi katika mwambao wa Tanganyika, kwako ilizaa swali hili.

Njia yako ina hatua tatu, na naomba usiruke hata moja. Kwa kuwa hukufaulu mtihani wa kidato cha pili, kwanza utafanya Mtihani wa Maarifa, ambao watu huuita Kyuti, kisha mtihani wa kidato cha nne ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Yote miwili hufanyika Novemba, na usajili wake huanza mapema, mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo anayeamka Septemba huwa amechelewa. Hatua ya tatu ni chuo. Kwa astashahada, kwa kawaida hutakiwa ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, na D huhesabiwa kuwa ufaulu. Manne, siyo tisa. Chagua mapema masomo utakayoyatilia mkazo, na kwa mtu anayetaka hesabu za biashara usiikimbie Hisabati. Wewe unayepiga hesabu ya sado na gunia kila siku una msingi ambao watoto wengi wa darasani hawana.

Aliyeacha shule kwa ujauzito hapaswi tena kujificha. Novemba 2021 Serikali, kwa tamko la aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, ambaye wewe wa Kigoma unamfahamu kwa kuwa alikuwa mbunge wa Kasulu Mjini, iliruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa sababu hiyo kurudi katika shule za kawaida. Kwa umri wako shule ya kawaida si mahali pako, lakini Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina madarasa ya sekondari kwa njia mbadala, na humo utakutana na wenzako.

Ama kuhusu saa, wewe una kalenda ambayo mtu wa ofisini hana. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani, na mbalamwezi inapokuwa kali wavuvi hupumzika kwa siku kadhaa, nanyi wauzaji mnapumzika pamoja nao. Siku hizo zinarudi kila mwezi bila kukosa. Zifanye kuwa siku za masomo mazito, yale yanayotaka kukaa saa tatu au nne mfululizo, kama Hisabati na insha. Siku za giza, ukiwa umeamka alfajiri na umechoka, soma nusu saa tu, ukirudia ulichokwisha kukielewa. Na huyo mwanao aliye sekondari msome meza moja. Usione aibu akikufundisha milinganyo. Mtoto anayemfundisha mama yake huielewa milinganyo hiyo mara mbili, na nyote wawili mtanufaika.

SWALI: Mimi ni fundi wa magari hapa Tabora mjini. Mke wangu ni muuguzi wa cheti, amepata nafasi ya kusoma stashahada chuo cha mbali, masomo ya kukaa chuoni. Tuna mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili na mwingine wa miaka sita. Ndugu zangu wanasema nikimruhusu nitaachwa. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu yangu, uuguzi hausomwi kwa masafa tu, kwa sababu mikono hujifunzia wodini mbele ya mwalimu, na nafasi aliyoipata mkeo ni ya kukaa chuoni, kwa hiyo hapa hakuna njia ya kati ya kukupendekezea. Ama anakwenda, ama anabaki.

Kuhusu ndugu zako nitasema kwa ufupi. Wanaume wa mkoa huu wameondoka kwenda masomoni na kazini tangu reli ilipofika Tabora mwaka 1912, wake zao wakabaki na watoto na mashamba, na wengi wao walirudi wakazikuta nyumba zao zimesimama. Sioni kwa nini imani waliyopewa wao asipewe mkeo.

Hofu yako ya kweli, nadhani, ni mtoto mdogo, na hiyo naiheshimu. Mwambie mkeo aulize chuo kama kinaruhusu kuahirisha nafasi hadi mwaka unaofuata, mtoto akiwa ametimiza miaka miwili na ameacha kunyonya. Ikiwa hakiruhusu, ulizeni kama anaweza kupanga chumba nje ya bweni akae na mtoto pamoja na dada wa kumsaidia, nawe ubaki na huyu wa miaka sita, ambaye tayari ana shule na marafiki hapa. Jifunze kumpikia uji na kumwandaa asubuhi tangu sasa, mama yake angali nyumbani wa kukuonyesha kiasi cha sukari anachokipenda mtoto na wimbo unaomwamsha. Nauli ya likizo za mkeo iwekeni pamoja na ada tangu mwanzo, ili asilazimike kubaki chuoni wakati wenzake wanarudi kwao.