Barua njema iliyolala kwenye taka: maswali yenu kuhusu spamu

Tangu niandike kuhusu nenosiri, wengi mmeniuliza juu ya barua taka, yaani barua pepe za kero msizoziomba, ziitwazo pia spamu. Najibu matano.

Mama, Nyawera, Bukavu: *Yaya, kila asubuhi nafuta barua thelathini za mikopo, dawa na bahati nasibu. Mbona haziishi?*

Haziishi kwa sababu ukifuta tu, Mama, kichujio, yaani sehemu ya Gmail inayotenga barua taka na barua njema, hakijifunzi kitu. Iguse barua mpaka ipate alama, nenda kwenye vidoti vitatu vya juu, uchague « Signaler comme spam » (ripoti kuwa ni taka). Hapo umetoa ushahidi. Kichujio hupima: neno hili limeonekana mara ngapi katika barua zilizokataliwa, na mara ngapi katika zile zilizosomwa? "Umeshinda" linavuta upande wa taka. Jina la mtoto wako au la kwaya yenu linavuta upande mwingine. Kinaangalia pia barua imetoka kwenye seva gani (kompyuta inayotuma na kupokea barua), na watu wengine waliipokea vipi. Ripoti hivyo wiki mbili tatu bila kuchoka, utaona zinapungua.

Kijana, Himbi, Goma: *Niliomba kazi ya uhasibu kwenye shirika moja. Barua ya kuniita kwenye mtihani iliingia kwenye spamu, nikaiona siku nne baada ya mtihani. Nifanyeje?*

Pole sana, ndugu yangu. Na mimi yamenipata. Barua yangu niliikuta imebanwa kati ya tangazo la saa za mkononi na mjane anayetafuta mrithi. Kichwa chake kilikuwa "Invitation au test écrit", na tarehe ilikuwa imepita. Tangu siku ile naamini hivi: taka mia zikiingia utazifuta, lakini mtihani ukipita haurudi. Usikaze kichujio mpaka kikafunga mlango kwa wageni wako.

Siku unayotuma maombi, weka anwani ya shirika kati ya majina ya simu yako. Halafu nenda saiba au uazime kompyuta, maana programu ya Gmail ya simuni haina sehemu ya kutengeneza vichujio. Kwenye kompyuta, bonyeza alama iliyo pembeni ya kisanduku cha kutafutia. Pale pa mtumaji andika sehemu ya anwani inayofuata @, bonyeza « Créer un filtre », kisha uweke alama kwenye sharti la kutopeleka barua hizo kwenye spamu kamwe. Lakini usiandike gmail.com yenyewe, utakuwa umewafungulia matapeli wote. Na kabla hujainuka kwenye kiti cha saiba, ondoka kwenye akaunti yako.

Hata baada ya hayo, pitia spamu kila Ijumaa. Gmail huzifuta zenyewe baada ya siku 30. Kwenye Outlook sanduku hilo linaitwa « Courrier indésirable ». Na barua ya kazi inayodai hela ya "kufungua dosye" ni ya wezi, hata kama kichujio kimeipitisha.

Dada, Kadutu, Bukavu: *Nibonyeze « Se désabonner » (kujiondoa kwenye orodha) au nisibonyeze?*

Kama ni duka au gazeti ulilojiandikisha mwenyewe, bonyeza. Kama humjui aliyekuandikia, acha: utakuwa umemwambia kwamba anwani hii ina mtu. Ripoti tu.

Papa, Katuba, Lubumbashi: *Nimepata barua kutoka anwani yangu mwenyewe! Wanasema wana video yangu, nilipe bitcoin, ile pesa ya mtandaoni. Silali.*

Lala, Papa. Fikiria bahasha ya karatasi: nani anamzuia mtu kuandika jina lako nyuma yake? Kanuni za kutuma barua pepe, SMTP, ziliandikwa 1982, na hazikumdai mtumaji uthibitisho kwamba ni yeye kweli. Kinga ziliongezwa baadaye, na si kila seva inazifuata. Barua kama hiyo hutumwa kwa maelfu ya watu kwa maneno yaleyale. Usilipe, usijibu. Ila kama wametaja nenosiri lako la kweli, basi limevuja mahali fulani ulipolitumia: libadilishe kila ulipoliweka, leo hii, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya nenosiri unaombwa uthibitisho wa pili, kama namba inayokuja kwenye simu yako.

Mfanyabiashara, Birere, Goma: *Je, barua taka zinakula mega zangu?*

Maneno yanakula kidogo sana, picha ndizo zinazokula. Katika mipangilio ya Gmail, chagua uulizwe kwanza kabla ya picha za nje kuonyeshwa. Utapata faida ya pili: picha nyingine ni kidoti kimoja kisichoonekana, kilichowekwa ili mtumaji ajue umeifungua barua yake. Picha isipofunguka, naye habari hiyo haipati.