Kabla hujaandika kasi ya damu, hesabu fremu zako

Kwa wiki tatu niliamini naona damu ikirudi nyuma. Nilikuwa napima mtiririko kwenye kapilari za shina la kucha, mishipa myembamba kabisa ya damu, zile zinazojikunja kama pini ya nywele chini ya ngozi, na kila nikicheza video, seli zilipanda pale zilipotakiwa kushuka. Nikalaumu lenzi, nikalaumu programu. Kumbe kamera ilikuwa inapiga fremu 30 tu, yaani picha 30, kwa sekunde.

Piga hesabu. Seli nyekundu ina upana wa mikromita 7 hadi 8. Damu ikienda nusu milimita kwa sekunde, mwendo wa kawaida kwa kapilari, seli husogea kama mikromita 17 kati ya fremu moja na inayofuata. Hizo ni zaidi ya seli mbili! Unayoiona kwenye fremu ya pili siyo uliyokuwa ukiifuata. Ni nyingine iliyotoka nyuma, ikatua karibu na ilipokuwa ya kwanza. Nilipopandisha hadi fremu 120, mruko ukapungua hadi mikromita 4 hivi, na damu ikashika njia yake.

Tena, usizifuate seli kwa macho. Chora mstari katikati ya kapilari, chukua piseli (nukta za picha) za mstari huohuo kutoka kila fremu, kisha zipange safu chini ya safu. Itatokea michirizi ya mshazari: myeusi ni seli, myeupe ni mapengo ya plazima, majimaji ya damu. Mchirizi ukisimama wima, damu imesimama. Kadiri unavyolala, ndivyo damu inavyokimbia. Sijaona picha nyingine inayosema kweli waziwazi namna hiyo.

Mwanga uwe wa kijani, maana himoglobini, rangi nyekundu ya seli, huufyonza vizuri, na tone la mafuta juu ya ngozi huondoa mng'ao.

Lakini kidole chenyewe ndicho kinachoharibu vipimo vingi. Kikitoka kwenye baridi, mishipa imejibana; mwache mtu akae kwenye chumba chenye joto la wastani kwa dakika 15 hadi 20, mkono ukiwa usawa wa moyo. Na lenzi isimguse. Niliwahi kukaribia kuandika kwamba kapilari za mtu hazipitishi damu kabisa. Nikainua lenzi kiasi cha unywele, na hapohapo seli zikaanza kupita, moja baada ya nyingine.