Kwa wanaoanza kuandaa historia ya muziki: niliyojifunza kwenye daftari la tarehe

Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, alisema maisha yake yote kwamba alizaliwa tarehe 4 Julai 1900. Ilikuwa tarehe tamu. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Marekani, na umri wake ukaenda sambamba na karne. Alifariki tarehe 6 Julai 1971, na kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa ametimiza miaka 71 siku mbili tu kabla. Katika miaka ya 1980 mtafiti mmoja akafunua kitabu cha ubatizo cha parokia ya New Orleans, akamkuta humo mtoto Louis, kazaliwa tarehe 4 Agosti 1901. Kumbe tarumbeta ile ilinyamaza mwenyewe akiwa hajafika hata 70.

Naanza na Armstrong kwa sababu ndiye aliyenifundisha kazi hii. Kwa miaka mingi nimeandaa vipande vya redio vya "siku kama ya leo", vya dakika nne au tano, na mara kwa mara naletewa kijana nimshike mkono. Wengi huja na mapenzi makubwa ya muziki na visa tele kichwani. Huo ni mtaji. Lakini karibu wote hudhani tarehe ni kitu cha kunakili tu ili usimulizi uanze. Kwangu usimulizi unaanzia kwenye tarehe yenyewe: nani aliiandika, lini, na alikuwa na sababu gani.

Kwa hiyo unapokuta mwanamuziki kasema jambo na karatasi inasema lingine, usikimbilie kumwita mwongo. Armstrong alizaliwa katika umaskini, mjukuu wa watu waliokuwa watumwa, katika mtaa ambao mtoto kukosa cheti halikuwa jambo la kushangaza. Tarehe ya 4 Julai aliiishi, akaisherehekea. Mimi husoma zote mbili hewani, ya kitabu cha ubatizo kwanza, ya kwake baadaye, kisha namweleza msikilizaji kwa nini ziko mbili. Sekunde ishirini, na tayari amemjua mtu.

Jambo la pili ni dogo ila limeniumiza. Tarehe 3 Februari 1959 ndege ndogo ilianguka shambani, Iowa, Marekani, ikawaua wanamuziki wa rock and roll Buddy Holly, Ritchie Valens na J.P. Richardson. Mara yangu ya kwanza kuandika kisa hiki nilisema waliruka "saa moja usiku baada ya onyesho". Nilikuwa nimeiona namba moja kwenye maandishi ya Kiingereza nikaiingiza kwenye sentensi ya Kiswahili bila kufikiri. Saa moja usiku jukwaa hata halijawashwa taa! Waliruka saa saba kasoro dakika tano usiku. Mzee mmoja alipiga simu studio, kwa upole kabisa, akauliza onyesho lilifanyika saa ngapi basi kama saa moja walikuwa angani. Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo kila saa ninayoitoa kwenye chanzo cha kigeni naihesabu kwa vidole.

Na hapo Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyokithamini. Onyesho pale Surf Ballroom, mjini Clear Lake, lilikuwa jioni ya tarehe 2, na ajali ikatokea tarehe 3. Wanaoandika kwa lugha nyingine huzichanganya kila mwaka. Sisi tuna "usiku wa kuamkia tarehe 3", maneno machache yanayomaliza ubishi wote. Yatumie.

Katika kisa hichohicho hesabu watu. Utasoma kila mahali "wanamuziki watatu walikufa", na ni kweli. Ila ndege ilikuwa na watu wanne, na wa nne ni rubani, Roger Peterson, kijana wa miaka 21. Valens alikuwa na miaka 17. Kisha uliza walipanda ndege kwa nini, maana jibu ndilo linalobeba kisa: basi la ziara lilikuwa bovu, hita yake haifanyi kazi, katikati ya baridi kali kiasi kwamba mpiga drams wa Holly alikuwa amelazwa hospitali miguu ikiwa imeathirika na barafu. Waylon Jennings, aliyempigia Holly besi, alimwachia Richardson nafasi yake kwa sababu Richardson alikuwa na mafua. Ukikisimulia hivyo, habari za mkosi na utabiri hazina pa kukaa. Vijana walichoka na baridi, wakataka kufika mapema.

Tofautisha pia siku ya kurekodi, siku ya kutoka na siku ya kushika chati. Otis Redding, mwimbaji wa soul, alimaliza kurekodi wimbo wake mkubwa kuliko yote, (Sittin' On) The Dock of the Bay, siku chache kabla ya ndege yake kutumbukia katika ziwa Monona, Wisconsin, tarehe 10 Desemba 1967. Ulitoka Januari 1968, na Machi ukawa namba moja Marekani. Alikuwa na miaka 26, na hakuwahi kuusikia wimbo huo redioni. Kijana aliyeniandikia kwamba Redding "alitamba na kibao hicho mwaka 1967" alikosea kwa wiki chache tu. Kisa chote kimo ndani ya wiki hizo chache.

Mahali nako ni vilevile. Kuna mkanda maarufu wa mwimbaji Bob Dylan wa mwaka 1966, ule ambao mtu katika hadhira anamwita Yuda, yaani msaliti, kwa sababu ameacha gitaa la kawaida na kushika la umeme. Kwa miaka mingi nakala zake za mkono kwa mkono ziliitwa za Royal Albert Hall, London. Ukumbi wenyewe ulikuwa Free Trade Hall, Manchester, tarehe 17 Mei. Anayeandika kwa kunakili jalada atarudia London mpaka kiama.

Sasa niseme la Bessie Smith, mwimbaji wa blues, na hapa naomba msikilize kwa makini, kwani hili ndilo lililobadilisha namna ninavyofanya kazi.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Septemba 1937, gari lililombeba Bessie liligonga lori kwenye barabara kuu namba 61, kati ya Memphis na Clarksdale, Mississippi. Mkono wake ulikaribia kukatika. Alifariki asubuhi ile huko Clarksdale. Wiki chache baadaye John Hammond, prodyuza aliyekuwa rafiki wa wanamuziki wengi weusi, akaandika kwenye jarida la Down Beat kwamba Bessie alipelekwa hospitali ya wazungu, akakataliwa mlangoni, akavuja damu hadi kufa. Kisa kikaenea, mchezo wa kuigiza ukakipeleka mbali zaidi, na mimi mwenyewe nilikisoma hewani miaka miwili mfululizo, sauti ikinitetemeka.

Hakikutokea. Daktari mzungu aliyepita barabarani kwa bahati alisimama akamhudumia pale pale kwenye vumbi, na gari la wagonjwa likampeleka moja kwa moja hospitali ya watu weusi. Nilipoujua ukweli huu niliona aibu, na pia nikaogopa kuusema. Nilihisi kama nawatetea waliojenga ubaguzi ule. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ukweli ni mzito kuliko uvumi. Bessie hakukataliwa mlangoni kwa sababu hakuna dereva wa gari la wagonjwa katika eneo lile ambaye angewaza hata kumpeleka mlango huo. Ubaguzi ulikuwa umekamilika kiasi cha kutohitaji mtu wa kusimama na kusema hapana. Uvumi ulikuwa umempa msikilizaji mtu mmoja mbaya wa kumchukia. Ukweli unampa mji mzima wenye hospitali mbili.

Malizieni na kaburi. Malkia wa blues alizikwa karibu na Philadelphia na watu maelfu wakimsindikiza, kisha kaburi likakaa miaka zaidi ya thelathini bila jiwe. Jiwe liliwekwa Agosti 1970, likalipiwa na Juanita Green, aliyewahi kumfanyia Bessie kazi za ndani alipokuwa msichana, pamoja na mwimbaji wa rock Janis Joplin. Chini ya miezi miwili baadaye, tarehe 4 Oktoba, Janis naye akafariki, akiwa na miaka 27.

Na mkifika kwenye hiyo 27, tafadhali, nendeni taratibu. Ni kweli Brian Jones, Jimi Hendrix, Janis, Jim Morrison, Kurt Cobain na Amy Winehouse wote walikufa na umri huo. Mwaka 2011 watafiti walioandika kwenye jarida la kitabibu la BMJ walipiga hesabu za wanamuziki waliowahi kuwa na albamu namba moja Uingereza, wasione ongezeko lolote la vifo katika umri wa 27. Walichoona ni kwamba umaarufu huongeza hatari ya kufa katika miaka ya ishirini na thelathini kwa ujumla. Msimpambie kijana kifo kana kwamba ni klabu yenye kadi ya uanachama.

Chati nazipitia haraka. Hot 100, chati ya nyimbo ya jarida la Billboard la Marekani, ilianza tarehe 4 Agosti 1958, kwa hiyo mtu akikuambia Elvis alishika Hot 100 mwaka 1956, mwulize chati ipi hasa. Na mwaka 1991 hesabu ya mauzo ilihama kutoka simu za wenye maduka, waliosema kile walichodhani kinauzika, kwenda kwenye mashine za kaunta zinazosoma kila nakala. Ndani ya wiki chache rapu ngumu ya kundi la N.W.A ikawa juu kabisa ya chati ya albamu. Wanunuzi walikuwepo siku zote, ila hakuna aliyekuwa akiwahesabu vizuri.

Tafuteni pia majina yasiyo kwenye jalada. James Jamerson alipiga besi katika vibao vingi vya kampuni ya rekodi ya Motown kuliko ambavyo msikilizaji wa kawaida angeweza kuvitaja, na ilibidi ifike albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971 ndipo jina lake likachapwa kwenye jalada la Motown. Clyde Stubblefield alipiga drams katika kikao cha kurekodi cha mwimbaji James Brown tarehe 20 Novemba 1969, mjini Cincinnati. Kile kipande chake kifupi cha kupiga peke yake kimekatwa na kubandikwa katika nyimbo za hip hop zisizo na idadi. Mrabaha wa vipande hivyo haukumfikia. Sheria inamtambua mtunzi na mwenye kumiliki rekodi. Mpiga drams alilipwa ujira wa siku ile, basi. Jambo hili lieleze kila unapolikuta, hata kama limekula nusu dakika ya kipindi. Bila hilo msikilizaji atadhani wanamuziki waliokufa maskini walikuwa wazembe tu wa fedha.

Solomon Linda, mwimbaji wa Afrika Kusini, hakuwa mzembe. Aliimba Mbube mjini Johannesburg mwaka 1939, akauza haki zake kwa shilingi kumi, akafariki maskini mwaka 1962 wakati wimbo wake ukizunguka dunia kwa jina la The Lion Sleeps Tonight. Familia yake ilipata mapatano mwaka 2006, baada ya kesi. Pigeni rekodi ya Linda kwanza, ndipo mpige matoleo ya Marekani, na mwombe msikilizaji ategee kiitikio. Linda na wenzake wanaimba kwa Kizulu "uyimbube", wewe ni simba. Mwimbaji wa Marekani Pete Seeger aliisikia kutoka kwenye santuri kama "wimoweh", neno lisilo na maana popote, na hilo ndilo lililopigwa chapa. Anayezungumza Kiswahili ana sikio la karibu na Kizulu kuliko wengi walioandika habari za wimbo huu, nalo ni sikio la kulitumia.

Mwisho, daftari langu. Lina kurasa 366, na ukurasa ninaowapa vijana kama jaribio ni wa 16 Agosti. Robert Johnson, mpiga gitaa na mwimbaji wa blues, alifariki siku hiyo mwaka 1938, Elvis Presley mwaka 1977, Aretha Franklin mwaka 2018. Kila kijana huanza na Elvis, kisha anaandika kwamba ni siku ya ajabu. Namrudishia karatasi, namwomba aweke ramani mezani.

Johnson alifia karibu na Greenwood, Mississippi. Cheti chake cha kifo kilipatikana baada ya miaka 30, na pale panapoandikwa sababu ya kifo pana maneno mawili tu: hakuna daktari. Alipokuwa mtoto aliwahi kuishi Memphis, takriban kilomita 200 kaskazini. Elvis alizaliwa Tupelo, Mississippi, akakulia na kufia Memphis. Aretha alifia Detroit, lakini alizaliwa Memphis, katika nyumba ndogo ya mbao ya Lucy Avenue. Na barabara kuu namba 61, ile iliyombeba Bessie, inaingia Memphis kutoka upande huohuo wa mashamba ya pamba. Kijana wa mwisho niliyempa ramani hii alikaa kimya kitambo, akachora mstari kwa penseli kutoka Clarksdale hadi Memphis, kisha akaniomba karatasi nyingine aandike upya, safari hii akianza na Johnson.