Filamu nne bora mfululizo

SWALI: Ni mwongozaji gani aliyetoa filamu bora mfululizo bila kuteleza? Na mfululizo wa namna hiyo hukatikaje?

JIBU: Sisi tunamtaja Francis Ford Coppola wa Marekani. Miaka ya 1970 alitoa nne: The Godfather (1972), The Conversation na The Godfather Part II (zote 1974), kisha Apocalypse Now (1979). Mbili za Godfather zilipata Oscar ya filamu bora. Nyingine mbili zilishinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa.

Kipaji peke yake hakitoshi. Tazama majina ya mwishoni mwa filamu: Gordon Willis ndiye aliyepiga picha za Godfather zote mbili, na ule uthubutu wa kuacha macho ya mhusika gizani ni wake. Walter Murch alishughulikia sauti katika zote nne. The Conversation, inayohusu mtu anayenasa mazungumzo ya wengine, bila Murch isingesimama kabisa. Isikilize kwa vipokea sauti vya masikioni.

Mfululizo ulikatikia kwenye fedha. One from the Heart (1982) iligharimu takriban dola milioni 26 na haikurudisha hata milioni moja. Madeni yakamlazimisha kwa miaka mingi kukubali kazi za kuajiriwa.

Akira Kurosawa wa Japani naye alitoa Rashomon (1950), Ikiru (1952) na Seven Samurai (1954), lakini katikati ipo The Idiot (1951), ambayo studio iliikata vibaya.